Kabla Hujamwaga Oili, Jua Utajazia Wapi

Fundi alisema giaboksi imekufa. Mume akasema gari liuzwe. Nikaingia chini ya gari langu la spoti kujionea mwenyewe, na kilichotoka humo hakikuwa oili peke yake.

Mpenzi msomaji, ugomvi wa ndoa una orodha yake inayojulikana: hela, ndugu, simu. Kila mwezi kurasa hizi zinazungumzia hayo. Lakini kuna chanzo kimoja ambacho watu hawakitaji sana, nacho ni gari. Ukiona wawili wananuniana njia nzima kutoka Mwenge hadi Tegeta, usikimbilie kudhani kuna mtu wa nje. Pengine ni gari tu. Nani anaendesha, nani anaweka mafuta, nani aliligonga pale nyuma, na fundi akija anaongea na nani.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Mimi nina gari la spoti. Ndiyo, mimi, si mume wangu. Ni Mazda Roadster ya mwaka 1999, viti viwili tu, paa la turubai linalokunjwa kwa mkono, injini ya sisi 1,600 na gia tano za kuingiza kwa mkono. Nchi nyingi nje ya Japani zinalijua kwa jina la MX-5. La kwanza kabisa lilionyeshwa Chicago, Marekani, Februari 1989. Waliolibuni walitaka kurudisha raha ya vigari vidogo vya wazi vya Uingereza vya miaka ya 1960, ila bila maradhi yake ya kuvuja oili na kuzimika njiani. Watu wakalipenda mno. Mwaka 2016 kiwanda kilifikisha gari la milioni moja la jina hilo.

Langu nililinunua mwaka 2015, kabla ya ndoa, kwa pesa za kibubu na mkopo wa kazini ambao niliumaliza mwenyewe. Si gari la kubebea gunia la mkaa. Si gari la kwenda nalo msibani na shangazi watatu. Ni gari la kufungua paa Jumapili asubuhi na kuendesha taratibu hadi Bagamoyo, upepo ukikuharibia nywele ulizosuka kwa saa tano. Nalipenda, na sioni sababu ya kuomba radhi.

"BOSI, GIABOKSI YA SHEMEJI IMEKUFA"

Baada ya masika gia namba mbili ilianza kugoma. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, ukitoa gia moja kwenda mbili inasaga, krrr, kama mtu anatafuna mchanga. Nikalipeleka gereji moja hapa mjini kwa sevisi. Lilirudi likiwa zito zaidi. Sasa hata gia namba tatu ilitaka ubembelezaji.

Tuliporudi pale, safari hii nikiwa na mume wangu, fundi alinipita mimi niliyeshika ufunguo akaenda moja kwa moja kwake. "Bosi, giaboksi ya shemeji imekufa. Tutafute nyingine ya mtumba. Milioni moja na laki nane, na kufunga." Nikauliza imekufaje. Akamjibu mume wangu.

Wadada mnaoendesha mnanielewa.

Njiani kurudi nyumbani, mume wangu, ambaye ni mhasibu na huona kila kitu katika safu mbili, alisema kwa upole kabisa, "Mke wangu, tuuze tu. Kwanza mtoto anakaa wapi humo?" Mtoto wetu ana miaka minne. Swali lake lilikuwa la haki. Lakini nilinyamaza, na ile kimya ilikaa nasi mezani siku tisa. Tulikuwa tunaongea, ndiyo: chumvi iko wapi, luku imeisha, mtoto kakohoa usiku. Mnajua aina hiyo ya kuongea.

Siku ya kumi nikatoa risiti ya ile sevisi na kuisoma vizuri. Palikuwa na mstari mmoja: oili ya gia, 85W-140. Nikafungua kitabu cha gari. Kinasema 75W-90. Ndipo nikamwambia mume wangu, "Kabla hatujauza, na kabla hatujanunua giaboksi ya watu, naomba Jumamosi moja. Tumwage hii oili tuone kuna nini ndani."

OILI YA GIA NI KITU GANI HASA?

Wengi wetu tunajua oili ya injini. Inabadilishwa kila baada ya kilomita elfu kadhaa, fundi anabandika kikaratasi, basi. Oili ya giaboksi ni nyingine, na watu huisahau kwa sababu haiungui wala haipungui isipokuwa pakiwa na sehemu inayovuja. Gari linaweza kutembea miaka kumi na oili ileile na mwenye gari asijue.

Lakini nayo inachoka. Kazi yake ni kukaa kati ya meno ya gia ili chuma kisiguse chuma. Kadiri meno yanavyoisaga, inapoteza uzito wake, na chembechembe ndogo za chuma zinajikusanya humo. Kwa sisi wa Dar kuna adui mwingine, maji. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Ukipita kwenye dimbwi refu ikiwa ya moto, inapoa ghafla, hewa ya ndani inajikunja, na inaweza kuvuta maji kidogo ndani. Gari langu liko chini sana, na masika ya mji huu mnayajua.

Sasa zile namba. Katika 75W-90, namba ya kwanza yenye herufi W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. Ya pili inaeleza uzito wake ikiwa ya moto. 85W-140 ni nzito zaidi pande zote mbili. Inafaa kwenye mashine nyingine, lakini siyo kwenye giaboksi hii. Ndani ya giaboksi ya mkono kuna vipete vinavyosawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Mafundi wanaviita sinkronaiza. Vipete hivi vinafanya kazi kwa kusuguana. Oili ikiwa nzito mno haiondoki haraka katikati yao, vinachelewa kushika, nawe unasikia gia inagoma au inasaga.

Kwenye chupa utaona pia GL-4 au GL-5. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za kuvumilia mgandamizo mkubwa, wa aina inayopatikana kwenye difu. Vipete vya giaboksi nyingi vimetengenezwa kwa shaba nyeusi au madini yanayofanana nayo, na baadhi ya dawa hizo haziyafai madini hayo, hasa zile za zamani. Kitabu cha gari langu kinaruhusu zote mbili, ila wamiliki wengi wa magari haya wanapendelea GL-4, na mimi nikanunua GL-4. Kwako wewe, fuata kitabu cha gari lako, usifuate cha kwangu wala cha jirani.

VITU VYA KUANDAA

Nilikwenda Kariakoo mwenyewe. Niliuliza maduka manne kabla ya kupata 75W-90 ya GL-4. Duka la kwanza waliniambia, "Dada, oili ni oili tu." Nikaaga kwa adabu.

Orodha yangu ilikuwa hii:

Oili lita tatu. Giaboksi ya gia tano ya gari hili inabeba lita mbili, lakini kuna inayomwagika, na hutaki kuishiwa katikati ya kazi.

Jeki moja na stendi nne za chuma. Hapa sitanii. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na matofali siyo stendi. Tofali linapasuka bila kukuaga.

Spana ya namba 24 ya kichwa kizima, inayokamata nati pande zote, isiyoteleza na kukwangua kona. Pima kwanza kwenye gari lako.

Beseni pana, faneli, mpira mwembamba wa plastiki wa mita moja na nusu hivi, washa mpya mbili, matambara, glavu, miwani ya kukinga macho, na maboksi ya kulalia.

Nguo ya kuchakaa. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa, kama yai viza. Ikiingia kwenye kitenge chako kizuri, kiage.

Vyote pamoja, ukiacha stendi ambazo tuliazima kwa jirani, havikufika laki mbili.

LIPASHE MOTO, KISHA LILAZE SAWA

Jumamosi asubuhi nililiendesha kama dakika kumi na tano. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi na inatoka na uchafu wake. Usilipashe kupita kiasi, maana bomba la moshi linapita jirani na utakapoweka mikono yako, na lenyewe halina huruma.

Tulilipaki kwenye sakafu ya sementi iliyonyooka, siyo kwenye mchanga. Tukaweka vizuizi kwenye matairi, tukainua kona moja baada ya nyingine kwa zile sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu, hadi likasimama juu ya stendi nne. Kwa nini nne na siyo mbili za mbele? Kwa sababu kipimo cha oili kwenye giaboksi hii hakina kijiti. Kipimo ni tundu lenyewe la kujazia: oili ikifika ukingo na kuanza kuchuruzika, imetosha. Gari likiinama, kipimo kinakudanganya. Kabla sijaingia chini, mume wangu alilisukuma kwa nguvu zake zote pande zote mbili. Halikutikisika. Ndipo nikaingia.

Ndiyo, mimi ndiye niliyeingia. Mimi ni mwembamba kuliko yeye, na gari ni langu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia, akatoka barazani akashika kiuno. "Jamani, mke wa mtu chini ya gari?" Mume wangu akamjibu, "Mama, mwache, ni gari lake." Nilisikia kutoka kule chini. Hakuwa amelisema neno hilo kwa siku kumi.

KANUNI INAYOOKOA WENGI

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Giaboksi ina bolti mbili kubwa. Moja iko chini kabisa, ya kumwagia. Nyingine iko ubavuni, juu kidogo, ya kujazia. Mtu mwenye haraka anafungua ya chini kwanza kwa sababu anataka kuona uchafu ukitoka. Oili yote inaisha. Halafu anakwenda kwenye ya kujazia, anakuta imekwama. Imeota kutu, au aliyetangulia aliikaza kama anafunga mlango wa benki. Sasa ana gari lisilo na oili na hana mahali pa kujazia. Haliwezi kwenda hata kwa fundi, na ni Jumamosi jioni.

Kwa hiyo kanuni ni hii: fungua pa kujazia kwanza. Kama hapafunguki, usiguse pa kumwagia. Gari bado lina oili yake, mbaya au nzuri, na bado linatembea hadi kwa mtu mwenye vifaa zaidi.

Ya kwangu iligoma. Tulipuliza dawa ya kulainisha kutu, tukasubiri robo saa, tukaichomeka ile spana na bomba refu kwenye mpini ili kuongeza nguvu. Ikalia mara moja, ikaachia. Hapo tu ndipo nikaweka beseni na kufungua ya chini.

Nikiwa nimelala pale nilifikiria ule ugomvi wetu. Ni mara ngapi mtu anamwaga yote ya moyoni kwa mwenzake, ya tangu uchumba, bila kujua kama kuna mahali pa kujazia kitu kipya? Anamaliza kusema, mwenzake yuko mtupu, na yeye mwenyewe hajui anataka nini kiwekwe badala yake. Kuongea ni kuzuri. Lakini kabla hujafungua bolti ya chini, hakikisha ya juu inafunguka: jua unaomba nini.

OILI HAISEMI UONGO

Oili ilitoka nzito, rangi ya kahawia iliyokolea. Niliichunguza kama mpelelezi, nanyi mfanye hivyo. Ikiwa nyeupe kama maziwa au chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, imeteseka kwa joto. Yangu haikuwa na maji, nikashusha pumzi.

Kisha nikaangalia ile bolti ya chini. Ncha yake ina sumaku ya kunasa chembe za chuma. Ukikuta ujiuji wa kijivu, laini kama poda ya uso iliyolowa, hiyo ni kawaida. Ni chuma kinachosagika kidogo kidogo kwa miaka. Ukikuta vipande, vichane vinavyochoma kidole, au pembe ya jino la gia, hapo fundi wako ana haki ya kusema giaboksi imekufa. Vumbi la rangi ya dhahabu kwenye oili linaashiria vile vipete vinalika.

Sumaku yangu ilikuwa na ujiuji wa kijivu. Hakukuwa na kipande hata kimoja. Kwenye beseni niliona vumbi la dhahabu kidogo sana, la kuonekana ukigeuza kwenye jua. Maana yake: sinkronaiza ya gia mbili imechoka, kama ilivyo kwa magari mengi ya aina hii yenye umri huu, ila giaboksi haijafa. Hata likiwa zima, gari hili linajulikana kwa gia mbili ngumu asubuhi hadi lipate joto.

Nilimpa mume wangu ile bolti mkononi. Akaifuta kwa kidole, akaisugua, akatazama kidole chake. Mhasibu anaamini anachokiona. "Milioni moja na laki nane," akasema taratibu, "kwa ajili ya hii poda?"

NUSU SAA YA KUSUBIRI

Oili hiyo haina haraka. Inatoka kwa nguvu, kisha kamba, kisha tone, tone. Inataka nusu saa. Tulikaa kwenye ngazi ya baraza, mikono michafu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kushika simu. Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzako mlikaa nusu saa bila simu?

Nilimuuliza, "Hivi kweli ni kwa sababu ya kiti cha mtoto?" Alikaa kimya, kisha akasema hapana. Alisema kila ninaporudi usiku kwa barabara ya Bagamoyo anawaza malori. Gari liko chini, dereva wa lori anaweza asilione. Alisema halali hadi asikie geti. Miaka yote hiyo nilidhani anasubiri chakula.

Nami nikamwambia langu. Kiwanja cha Kigamboni kina jina lake. Nyumba tunayoishi, mkataba una jina lake. Hata luku inasoma jina lake. Kitu kimoja tu katika maisha yetu kina jina langu, na ndicho alichosema tukiuze. Sikusema kwa kulia. Nilisema kama ninavyowaambieni hapa. Na nikasema ninachoomba: kiwanja kinachofuata, majina mawili.

Wadada na wakaka, hili lijueni. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali. Ulichoingia nacho ni chako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Na mali iliyonunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ya huyo mmoja, hadi ithibitishwe vingine. Ikiandikwa majina yote mawili, huchukuliwa kuwa ya wote kwa usawa. Kwa hiyo jina kwenye karatasi siyo pambo. Mume wangu alisikiliza, akakuna kichwa kwa mkono wenye oili, akasema, "Hilo linazungumzika." Kwa mhasibu, hiyo ni saini.

MMOJA JUU, MMOJA CHINI

Tone la mwisho likakata. Nikasafisha sumaku, nikaweka washa mpya, nikarudisha bolti ya chini. Ikaze vizuri lakini usiikaze kwa hasira. Mwili wa giaboksi ni wa alumini, na nyuzi zake zikiharibika utalia. Kama unaweza kupata spana ya kupimia nguvu, itumie kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu.

Kujaza ndiyo kazi inayotaka watu wawili. Tundu liko ubavuni chini ya gari, huwezi kuinamisha chupa pale. Tulipitisha ule mpira kutoka kwenye injini, ukashuka nyuma yake hadi kwangu, nikauingiza kwenye tundu. Mume wangu juu, faneli mkononi, akimimina kidogo kidogo. Mimi chini, nikiangalia. Yeye haoni tundu. Mimi sioni chupa.

Nimesomea mawasiliano chuo kikuu, na nawaambia hakuna somo lililonifundisha kama hilo. Tulikubaliana maneno mawili tu kabla ya kuanza: "mimina" na "simama". Hakuna "kidogo", hakuna "ngoja nione", hakuna "we vipi". Na ukisema "simama", kumbuka mpira bado una oili ndani yake. Itaendelea kushuka kwa muda hata chupa ikiwa imesimama. Kwa hiyo sema mapema. Na maneno ya hasira ni hivyohivyo, yanaendelea kushuka baada ya mtu kunyamaza. Mwenye kusikiliza awe na subira kidogo, na mwenye kusema aache kabla hayajafurika.

Lita moja. Lita moja na nusu. Karibu na lita mbili oili mpya, rangi ya asali, ikachungulia ukingoni na kuchuruzika kwenye glavu yangu. "Simama!" Tukaiacha itulie hadi ikaacha kuchuruzika, nikafunga bolti ya juu, nikafuta kila kitu ili kama pana mvujo nione baadaye. Kazi yote ilichukua saa tatu, pamoja na juisi ya ukwaju aliyotuletea mama mkwe, aliyebaki amesimama pale akitoa maelekezo.

OILI CHAFU UIPELEKE WAPI?

Usiimwage kwenye mtaro, usiimwage shambani, na usiichome. Lita mbili hizo zikiingia ardhini zinaharibu udongo na maji. Wengi huku kwetu wanapaka oili chafu kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, lakini nayo inanyonywa na ardhi na inashika ngozi za watoto wanaochezea hapo. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, uiandike, uipeleke gereji kubwa au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu. Uliza kwanza kabla hujabeba.

MATOKEO, BILA CHUMVI

Sitawadanganya kwamba gari limekuwa jipya. Gia tatu sasa inaingia kama kisu kwenye siagi. Gia mbili haisagi tena likishapata joto. Asubuhi, kwa dakika tano za kwanza, bado inataka mkono wa taratibu. Oili haifufui kipete kilicholika. Inakipa nafasi ya kufanya kazi yake kwa muda mrefu zaidi. Siku moja tutafungua ile giaboksi, lakini itakuwa siku tuliyoipanga na bei tuliyoiuliza sehemu tatu.

Na lile suala la kuuza? Tumekubaliana kwa maandishi, ndiyo, kwenye daftari la jikoni. Gari linabaki. Usiku siendi nalo barabara ya Bagamoyo. Natumia gari la nyumbani, naye analala. Mtoto akianza shule tutalizungumza upya, na atakayelizungumza na mnunuzi ni mwenye jina kwenye kadi.

KABLA HUJASEMA "IMEKUFA"

Kwa wewe mwenye gari la gia za mkono linalogoma, anza na haya. Je, gia zote zinasaga, hata rivasi? Basi shuku klachi kwanza, siyo giaboksi. Angalia kikopo cha mafuta ya klachi kama yamepungua. Ni gia moja tu? Uliza mara ya mwisho oili ilibadilishwa lini na ilikuwa namba gani. Hakuna anayejua? Imwage uone. Ukiona huna sehemu iliyonyooka, huna stendi, au huna mtu wa kukaa nawe pale, lipeleke gereji, lakini nenda na oili yako mkononi, simama pale, na uombe kuonyeshwa ile bolti yenye sumaku. Ni haki yako. Fundi mzuri ataipenda hamu yako ya kujua. Akimjibu mumeo badala yako, rudia swali lako kwa sauti ileile, mpaka akutazame wewe.

Na kwa wewe ambaye gari huna, ila una mwenzako aliyeanza kugoma asubuhi: usikimbilie kumtafutia mbadala wa mtumba. Tafuteni nusu saa, mikono iwe na kazi, simu ziwe mbali. Jua unachoomba kabla hujafungua mdomo. Kisha sikiliza kinachotoka, na ukitazame vizuri kabla hujakipa jina.